Kila Siku, Hata Idd

Nyinyi mnaoanza kazi ya kuandika malengo ya miradi, nawaomba jambo moja kabla hamjaniamini: msiniamini. Niliifanya kazi hii miaka kumi na moja, nikaiacha nikiwa na thelathini na minne, na wenzangu wakaniita mstaafu kwa mzaha mpaka jina likakaa. Sikustaafu kwa uzee. Niliacha nilipofika mahali ambapo mtu akinisalimu "habari za asubuhi", nikajibu "nzuri", moyoni nabaki natafuta kipimo cha kuthibitisha kwamba asubuhi kweli imekuwa nzuri.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mnatoka kila mahali: Kisumu, Goma, Mwanza, na wachache wa hapa Kampala ambao, kama mimi, mlikulia kambi ya polisi na mkakisikia Kiswahili alfajiri kikiwaamrisha baba zenu. Ripoti mtaziandika kwa lugha ya wafadhili. Haya ni maungamo, na maungamo nayaweza kwa lugha hii tu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Watu wa mbali wanapoungana kufanya utafiti wa teknolojia, kwa mfano chuo cha ng'ambo, kituo kidogo kama chetu cha Old Kampala na mafundi wa Katwe, lazima mtu mmoja aandike wanataka kufika wapi, na njiani watakabidhi nini, lini, kwa nani. Sentensi hizo hazizidi kurasa mbili. Lakini kila mtu ataishi ndani yake miaka miwili au mitatu, kama watu wanaoishi katika nyumba iliyochorwa na mtu asiyewajua. Mchoraji huyo nilikuwa mimi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza katika duka la fotokopi huko Kawempe, nikiwa na cheti cha sekondari na woga wa kila kitu. Wateja walileta maandiko ya miradi, nami nikiwa nasubiri mashine ipate joto nilisoma. Baada ya miezi michache niligundua jambo: mteja aliyeleta kurasa arobaini Jumatatu alirudi Jumatano na ukurasa mmoja tu, Ijumaa akaja tena na huohuo, umebadilishwa. Kila mara ulikuwa ukurasa wa malengo. Nikaanza kuushuku. Kama ndio unaobadilishwa kila siku, basi ndio watu wanaogombania. Nikanunua daftari, nikawa nanakili sentensi za malengo na kuzisahihisha pembeni kwa kalamu nyekundu, kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Siku moja akaja Daktari Nansubuga, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, mkuu wa kituo cha Old Kampala ingawa sikumjua bado. Nilipomrudishia karatasi zake, mdomo ukanitoroka.

"Samahani, nnyabo. Lengo lako la pili linasema mtajaribu. Kitu cha nne cha kukabidhi kinasema mmeshafaulu. Haviwezi kukaa ukurasa mmoja."

Akavua miwani. "Nani amekufundisha?"

"Mashine hii."

"Na mashine imesoma kweli andiko langu, au umelisoma wewe?"

Sikulala vizuri wiki hiyo, nikidhani atanishtaki kwa kusoma siri za watu. Wiki iliyofuata alinipa kazi.

Kwa Daktari nilijifunza kushuku vitenzi. Ukimwandikia "kuimarisha uwezo wa mafundi" alikuwa akisema, "Sawa, Apio. Niletee fundi aliyeimarishwa, nimpime urefu." Alinifundisha kulishuku neno "na", kwa kuwa lengo lenye "na" ni malengo mawili, na moja litajificha nyuma ya mgongo wa jingine. Aliogopa zaidi neno "tutashirikiana". "Washirika wakiandika kwamba watashirikiana kufanya kitu, kitu hicho ni yatima. Weka jina la mtu mmoja. Wengine wamsaidie." Hilo lishikeni, hata mkiyasahau mengine yote. Na kalenda: wenzenu wa ng'ambo hutoweka mwezi wa nane, nasi barabara zetu hutoweka mvua zikija. Kitu cha kukabidhi kikiangukia hapo, mmejiandikia aibu wenyewe.

Makosa nilifanya mengi. Katika mradi wangu wa kwanza niliahidi "warsha tatu zitafanyika". Zikafanyika. Walikuja watu walewale mara tatu, wakakaa viti vilevile, na kwenye fomu ya maoni wengi walisifu kuku. Lengo lilitimia kabisa, hakuna aliyejua jambo jipya. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba sentensi zangu hazitakuwa na tundu hata la sindano.

Kiapo hicho ndicho kilichomtia Hajji Fadhil matatani.

Hajji ana karakana ya kuyeyusha alumini Katwe. Ni Mnubi, wa ukoo wa askari wa kikoloni waliotoka Sudan: babu yake alikuja na bunduki ya serikali, yeye ana kalibu za sufuria. Anakusanya skrapu, vipuri vya magari, madirisha, vifuniko, anavitia kwenye chungu juu ya tanuri la makaa, kisha anamimina. Mradi wetu ulikuwa wa kuweka kipimajoto ndani ya matanuri kumi na mawili. Kila kifaa kingetuma namba kwenye kompyuta yetu, chuo cha ng'ambo kingezichambua, na mwisho tungejua namna ya kuyeyusha kwa makaa machache bila sufuria kutoka na vitundu. Fundi ambaye tanuri lake lingemaliza siku tisini za vipimo angejengewa bomba la kutolea moshi.

Bomba hilo ndilo Hajji alilolitaka. Macho yake yalitoka machozi mchana kutwa, na daktari wa macho alikuwa amemwambia achague moshi au kuona. Kuacha kazi hakuweza. Alihesabu siku tisini zile kwa chaki kwenye mlango wa karakana.

Lengo nililiandika mimi. Nililiandika upya mara kumi na saba, mpaka likawa hivi: "Kila tanuri litatuma vipimo vya joto kila siku, bila kukosa, kwa siku tisini mfululizo." Nikaongeza na mlinzi wake: "Mshiriki atakayetoa vipimo visivyo vya kweli ataondolewa mara moja." Nililisoma kama mtu anayekagua kucha zake. Hakuna kitenzi cha hewa, hakuna "na", hakuna tundu. Nikaenda Katwe, nikawasomea mafundi wakiwa wamesimama. Hajji aliuliza swali moja, nikamjibu bila kuinua macho kwenye karatasi, wakatia sahihi.

Siku zikaenda vizuri mno. Hapo ndipo shaka ilipoanza kunitafuna. Kompyuta ilihesabu siku zenye kipimo na kuweka alama ya kijani, na safu ya Hajji ilikuwa kijani tupu. Wenzetu wa ng'ambo waliandika kutupongeza. Mimi pongezi hunitia homa. Asubuhi moja, siku ya sitini na kitu, niliacha alama za kijani nikafungua grafu zenyewe za Hajji, siku moja baada ya nyingine. Siku ya kawaida mstari hupanda kama mlima, unakaa juu saa kadhaa, unashuka taratibu. Kisha nikafika siku ya Idd. Karakana za Waislamu zilifungwa zote. Kwenye grafu ya Hajji kulikuwa na kichuguu: kimepanda saa nne, kikadumu robo saa, kikafa.

Nilianza kwa kumshuku asiyehusika. Okot ndiye fundi wetu wa vifaa, kijana mpole wa kwetu kaskazini, tumekula meza moja miaka minne.

"Okot, nani anaandika hizi namba?"

"Kifaa."

"Kifaa kimejuaje kwamba tunahitaji siku tisini?"

Aliweka bisibisi chini. "Apio, unaniuliza kama dada au kama polisi?"

Nikamgeuzia skrini yenye ile grafu. Alisema, "Baba yako alikuwa na sare. Wewe huna hata sare," akatoka nje. Nimeshamwomba radhi, naye ameshanisamehe, lakini tangu siku ile huniwekea kumbukumbu ya kila kitu kwa maandishi, hata chumvi akiniazima.

Nikachapisha ile grafu, nikapanda boda kwenda Katwe. Njia nzima nilikuwa natunga ripoti. Nilikuwa tayari nina sentensi ya mwisho.

Hajji alikuwa anakung'uta kalibu. Hakugeuka. "Afande amekuja," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu alipojua nimezaliwa kambini. "Leo umeleta pingu?"

"Nimeleta karatasi, Hajji."

"Eh. Hiyo mbaya zaidi."

Nikamwekea grafu juu ya kalibu. "Hii ni siku gani?"

Aliitazama kwa jicho moja, jingine akilifuta kwa leso. "Hii Idd."

"Uliyeyusha alumini siku ya Idd?"

Aliita upande wa pili wa ukuta, ambako mkewe huuza chai. "Hajjati! Huyu mtoto ya polisi nauliza mambo ya Idd. Kuja wewe umwambie."

Hajjati Zuhura akaja akifuta mikono, na nilijua mara moja kwamba alikuwa akisubiri kuulizwa. "Nitamwambia! Watu wametoka kuswali kule mlimani, wanaenda kula. Mzee wangu anasema, nyinyi nendeni, mimi nafika sasa hivi. Nyumbani wageni wamejaa, pilau inapoa, mzee hayupo. Mimi nikasema, basi, ameoa mwingine. Mtu na uzee wake wote, ameoa! Nikavaa viatu, nikamfuata mpaka hapa."

"Ukamkuta?"

"Nikamkuta na kanzu yake ya Idd, amechuchumaa hapo, napepea sigiri, jiko langu la makaa la chai! Hiyo waya yenu ameitumbukiza kwenye makaa. Kanzu nyeusi mpaka hapa." Akaonyesha magotini. "Nikamwambia, mzee, afadhali ungekuwa mke. Mke ningejua nimfanye nini."

Wafanyakazi wa karakana walicheka. Hajji alicheka pia, kidogo. Mimi nilibaki na karatasi yangu.

"Kwa nini, Hajji?"

"Wewe ulisema kila siku. Mimi nikakuuliza, afande, hata Idd? Wewe ukasema nini?"

Nilikumbuka. Ningetaka kuwaambia kwamba nililazimika kufikiri, lakini nilikumbuka papo hapo, hata mahali nilipokuwa nimesimama. Nilisema, "Kila siku ni kila siku, Hajji." Nililisema kwa sababu sentensi ile ilikuwa imenigharimu usingizi, na sikutaka mtu aiguse.

"Na siku nyingine?" nikauliza. "Ni Idd tu?"

"Skrapu imekosa, nawasha sigiri. Mvua imeingia karakana, nawasha sigiri. Jirani amekufa, natoka makaburini, nakuja hapa, nawasha sigiri. Mashine yako hapana dini, hapana msiba."

"Hajji, huo ni udanganyifu. Umetia sahihi."

Hapo aligeuka kabisa. "Mimi hapana mwizi. Wewe uliomba moto kila siku. Nimekupa moto kila siku. Alumini hukuomba."

Nililirudia lengo langu kichwani, lile lisilo na tundu. Vipimo vya joto. Kila siku. Neno kuyeyusha halikuwamo.

Nilirudi ofisini nikaandika ripoti. Hapa ndipo naungama kwelikweli, kwa hiyo msiruke mistari. Ripoti ya kwanza ilimtaja Hajji Fadhil, ikataja Idd, sigiri na kifungu cha kuondolewa. Kila neno lake lilikuwa la kweli. Niliipenda. Nilipanga mpaka nafasi kati ya mistari. Nikampelekea Daktari Nansubuga nikisubiri sifa.

Aliisoma mara mbili. "Nzuri sana," alisema. "Mkosaji mmoja, kosa moja, adhabu moja. Inanitia shaka."

"Shaka ya nini, Daktari?"

"Huyu mzee alifanya yote haya ili atimize sentensi fulani. Sentensi hiyo iliandikwa na nani? Nimemtafuta humu, simwoni."

"Nimeandika 'mradi uliweka lengo'."

"Mradi," alisema. "Ndugu yake 'tutashirikiana'." Akanirudishia karatasi. "Ukituma hii, mzee anakosa bomba kesho. Ni yako, sitakuzuia. Lakini usiniombe niweke sahihi."

Nilikaa nayo siku tatu. Sikuwa nawaza haki, msinipambe. Nilikuwa nawaza kwamba nikikiri, wale wa ng'ambo watajua sina shahada, watauliza nilisomea wapi, nami nitawajibu fotokopi. Kila asubuhi nilifungua ripoti nikarekebisha koma. Siku ya tatu Okot alipita nyuma ya kiti changu akasema, "Bado unaitafutia sare?" Nikafuta ukurasa wote.

Kikao kilikuwa cha kwenye skrini. Nyuso sita za ng'ambo, sisi watatu kwenye meza moja. Nilisoma: lengo nililiandika mimi peke yangu, fundi aliniuliza kama linahusu sikukuu, nilimjibu ndiyo, alitii. Vipimo vyake vya siku za sigiri havifai, na kosa ni la aliyeagiza. Naomba asiondolewe. Sauti yangu ilitetemeka kama sauti ya mtu anayedanganya, jambo lililoniudhi kwa sababu ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema ukweli wote kazini.

Kisha mama mmoja mwenye nywele nyeupe akauliza, "Hao wengine kumi na mmoja hawana sikukuu?"

Hakuna aliyekuwa amewaza hilo, hata mimi ninayeshuku chumvi. Tulifungua grafu zote. Vichuguu vilikuwa katika matanuri saba. Mkristo mmoja alikuwa na kichuguu cha Krismasi, tena kimepindapinda; baadaye alikiri kwamba alimwachia shemeji yake apepee, na shemeji alikuwa amelewa. Hajji hakuwa mdanganyifu kuliko wenzake. Idd yake tu ndiyo iliyoonekana kwanza.

Wenzetu waliamua hivi. Hakuna wa kuondolewa, ila siku za sigiri zifutwe, na kila fundi amalizie zilizopungua. Hajji alikuwa na siku nyingi kuliko wote za kurudia, kwa kuwa ndiye aliyejitahidi kuliko wote kutokosa. Bomba lake lilikuwa la mwisho kujengwa, miezi mitano baada ya la kwanza. Miezi mitano ya moshi zaidi machoni. Hiyo niliisababisha mimi, na hakuna ripoti inayoionyesha, ndiyo maana naiandika hapa.

Lengo jipya nililiandikia Katwe, nimekaa juu ya kalibu iliyopinduliwa. Niliposoma rasimu, Hajji aliinua mkono.

"Ngoja. Wewe naniuliza nimeelewa. Usiulize hivyo. Mtu mzima atasema ameelewa, basi. Niulize mimi nitakuibia wapi."

"Sawa. Utaniibia wapi, Hajji?"

Alifumba macho akafikiri, akaanza kunionyesha. Hapa nitakuibia. Hapa pia. Hapa Musa jirani yangu atakuibia, mimi hapana. Kila alipogusa, nilifuta. Mwisho tukapata hivi: "Kila siku tanuri linapowashwa kuyeyusha, vipimo vitumwe, siku lisipowashwa, fundi ataandika sababu." Baadaye sababu hizo, skrapu, mvua, msiba, sikukuu, ndizo wachambuzi walizozitumia kuliko namba. Hawakuwa wamejua kamwe ni siku ngapi tanuri la Katwe hulala.

Hiyo ndiyo njia yangu yote ninayowaachia. Ukimaliza kuandika lengo, mpelekee yule atakayelitimiza kwa mikono yake, umuulize atakuibia wapi. Akikuonyesha, mshukuru. Asipokuonyesha, ogopa. Nayo haya ninayowaambia, yatafutieni mahali pa kuibia.

Idd iliyofuata niliikuta bado nipo kazini, na bomba la Hajji limesimama juu ya mabati likiwa jipya. Saa nne asubuhi nilifungua grafu yake. Mstari ulikuwa umelala kutoka ukingo hadi ukingo, bila kichuguu. Pembeni palikuwa na neno moja, ambalo najua alimwandikisha Hajjati: "Idd."

Nikampigia simu. "Idd Mubarak, Hajji. Tanuri vipi?"

"Limelala. Mimi nakula."

"Kweli?"

Nilisikia akicheka na mdomo umejaa. "Afande, wewe hutapona. Kuja uone."

Nikaenda. Nilipitia kwanza karakana, nawaambia ukweli, nikaingiza mkono ndani ya tanuri. Jivu lilikuwa baridi. Kisha nikaenda nyumbani kwake, ambako Hajjati alinitazama vidole vyangu vyeusi, akanipa maji ya kunawa kabla sijaketi. Hajji alikuwa mkekani kati ya wageni, macho makavu, kanzu nyeupe mpaka chini.